Mawakala wa safari, acheni kuwapa wageni wa Mafia ushauri wa Unguja

Ndugu wanajukwaa, nina hasira na sitaificha. Kaka yangu anaishi Muscat na familia yake, na safari hii walitaka kwenda kuwaona papa potwe wa Mafia. Wakala wa Dar es Salaam aliyewauzia safari aliwahakikishia kwamba visiwani malaria imekwisha, hivyo hawakuhitaji vidonge vya kinga. Shemeji yangu, ambaye ni mjamzito, alishikwa na homa kali baada ya kurejea Muscat, na matibabu yakachelewa kwa sababu yeye mwenyewe alimsisitizia daktari kwamba alikotoka hakuna malaria.

Unguja na Pemba zimepambana na malaria kwa miaka mingi hadi maambukizi yakashuka sana, na wanastahili pongezi. Lakini Mafia si Zanzibar! Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Rufiji, na malaria ipo. Mtu aliyekaa ughaibuni muda mrefu hupungukiwa na kinga aliyoijenga utotoni, watoto waliozaliwa huko hawana kabisa, na mjamzito yuko hatarini zaidi. Wakala anayepokea fedha za watu kama hawa ana wajibu wa kuwahimiza wamwone daktari mapema, kwa kuwa zipo dawa za kinga zinazoanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki mbili au zaidi, zote huendelea kumezwa baada ya kurudi, na si kila moja humfaa mjamzito.

Wakala huyohuyo alimpangia kaka yangu kuzamia kwa mtungi wa hewa katika ghuba ya Chole asubuhi, kisha kupanda ndege ya Dar es Salaam alasiri, akidai kwamba ndege ndogo hairuki juu sana. Huko ni kucheza na uhai wa mtu. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, la sivyo naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inaweza kugeuka mapovu na kumlemaza. Mwalimu wa uzamiaji ndiye aliyemzuia, na tiketi mpya kaka yangu akailipia mwenyewe.

Hata bima ya dola 44 ambayo Zanzibar huwatoza wageni tangu Oktoba 1, 2024 iliingizwa kwenye hesabu yao, ilhali hakuna aliyekanyaga Unguja.

Nilipomwandikia wakala, alijibu kwamba wateja wake wote hupewa maelezo hayohayo. Basi nataka awaandikie wote aliowapeleka Mafia na kukanusha maelezo hayo, tena upesi. Nanyi mliokwenda huko hivi karibuni, au mliompokea ndugu aliyetoka huko, mkiona homa msingoje: mwambieni daktari kwamba mgonjwa alikuwa Mafia, na mumtake apime malaria siku hiyohiyo.