Mtoto wa darasa la tano katunga shairi "Mimi ulanzi". Hii ni sawa?

Mama Upendo (Kihesa): Kamwene wakuu. Binti yangu kapewa kazi ya Kiswahili: chagua mtu au kitu, jigeuze kuwa yeye, utunge shairi kwa "mimi". Wenzake wamekuwa daladala, jembe, gunia la lumbesa. Wangu kawa ulanzi, hii pombe yetu ya mianzi. Kaandika:

*Ulanzi mimi nasema, asubuhi ni mtamu,*
*Jioni nimechachuka, baba hajui nyumbani.*

Kasoma mbele ya darasa zima. Baba yake ni mzee wa kanisa. Naulizeni, ndiyo elimu gani hii?

Chuma cha Uyole: Kwanza hilo si shairi. Halina mizani wala vina. Siku hizi mtu akikata mistari tu anajiita malenga.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, hesabu kwa vidole. U-la-nzi-mi-mi-na-se-ma, nane. A-su-bu-hi-ni-m-ta-mu, nane. Mstari wa pili nane kwa nane pia. Vina ndiyo havipo. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja mimi natoa vema.

Mama Upendo, anayesema "mimi" ndani ya shairi si mtunzi, ni nafsineni. Wala si jambo jipya. Baada ya Azimio la Arusha 1967, mshairi mzee Mnyampala alizivumisha ngonjera, zikajaa mashuleni: huyu mkulima, yule mnyonyaji, wanajibizana. Mimi nilikuwa mnyonyaji, na kitambi cha mto. Hakuna aliyekwenda kumwuliza baba yangu kama ana mirija.

Chuma cha Uyole: "Kijana" nani? Nina watoto wanne.

Mwalimu Mstaafu: Na bado huhesabu mpaka nane.

Mnyalu Halisi: Mimi kinachoniuma ni huo ulanzi kuchachuka jioni. Uliogemwa asubuhi jioni bado unaanza anza tu. Mkali ni wa kesho yake. Huyo mtoto kadanganywa, au mwalimu wake ni wa kuja.

Wa Makambako: Inategemea mwanzi na mvua. Ulanzi wa Njombe jioni hiyo hiyo unakukalisha chini. Ninyi Iringa mnaongeza maji.

Mnyalu Halisi: Maji?! Rudia hapo.

Chuma cha Uyole: Hahaha. Mbeya tuna kimpumu, hatugombanii juisi ya mianzi.

Binti Mafinga: Jamani, turudi kwenye mada. Nafundisha darasa la nne. Mtoto mwoga asiyenyoosha kidole, ukimwambia "leo wewe ni fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe, umerudishwa Kalenga 1954, sema uliyoyaona Ujerumani", anaandika ukurasa mzima. Ukimwambia "andika kuhusu Mkwawa" anakuletea mistari miwili ya kunakili. Ila nakiri, kitu wanachochagua wenyewe huwa kinatoka nyumbani. Mmoja alichagua mkanda. Sikumsomesha mbele ya wenzake. Nilimwita pembeni tukaongea.

Mnyalu Halisi: Mkwawa msimtaje kwa mzaha. Lugalo 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alikiona cha moto.

Binti Mafinga: Nani kafanya mzaha kaka?

Wa Makambako: Yeye ana hasira za ulanzi wa maji.

Mama Upendo (Kihesa): Nimeuliza shairi mnanijibu pombe. Dada wa Mafinga, wewe ndiye umenigusa, maana yule wangu alisomeshwa mbele ya wote. Jana baba yake kalikuta daftari mezani. Kasoma, kanyamaza, kaenda kulala bila kula. Leo mtoto kaja na kazi nyingine: ajigeuze mtu wa nyumbani kwao. Keshachagua. Kaandika "Mimi baba", kisha kaniuliza, mama, baba akinyamaza huwa anawaza nini? Nimwambieje?

Mwalimu Mstaafu: Mwambie akamwulize mwenyewe. Daftari aende nalo.

Chuma cha Uyole: Na safari hii aweke vina.

Wa Makambako: Mnyalu, maji mnachota Ruaha au ya bomba?