Rufaa za jinai: kweli wakili hasaidii?

mwanafunzi_sheria: Wakuu, shikamooni. Nafanya utafiti wa shahada kuhusu rufaa za jinai Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kila usiku nashusha hukumu TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, na kuziingiza kwenye Excel: kosa, jopo, mrufani alikuwa na wakili au alijitetea, matokeo. Nilitegemea wenye mawakili wafanikiwe zaidi, lakini sioni hivyo. Msimamizi anasema niandike wakili hana athari. Roho inakataa. Nilimwona mjomba wangu akisimama peke yake mbele ya majaji watatu pale Mwanza, karatasi mbili mkononi zimeandikwa kwa kalamu, zinatetemeka.

wakili_wa_ziwa: Marahaba, mdogo wangu. Usiandike hivyo, unalinganisha watu wasiolingana. Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili kwa gharama za serikali. Wa unyang'anyi wa kutumia silaha, mwenye miaka 30 ya kifungo, mara nyingi husimama mwenyewe kama mjomba wako.

Halafu kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, kwa hiyo ikifika Mahakama ya Rufani ni rufaa ya kwanza: majaji wanaupima ushahidi wote upya. Unyang'anyi umeanzia mahakama ya chini, ukapita Mahakama Kuu. Hiyo ni rufaa ya pili, na mahakama mbili zikishakubaliana juu ya ukweli wa tukio, Mahakama ya Rufani haiingilii kirahisi. Weka safu ya "rufaa ya ngapi" kabla hujamgusa wakili.

mwanafunzi_sheria: Asante sana, kaka. Nimefungua moja hapa: mrufani hana wakili, majaji wenyewe wakaibua kwamba PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha, ilipokelewa bila kusomwa mahakamani, wakaiondoa kwenye ushahidi. Hii naihesabuje?

takwimu_dodoma: Ipe safu yake: nani aliibua hoja. Ukiiacha, msaada wa majaji utaonekana kama matunda ya kujitetea.

Na matokeo usiyafanye mawili tu. Rufaa iliyoondolewa kwa kasoro inaweza kurudi, iliyotupwa imeamuliwa. Kuna pia amri ya kusikilizwa upya, ambayo tangu kesi ya Fatehali Manji, 1966, haitolewi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Jaji mmoja hukaa majopo mengi, basi usizichukulie hukumu zake kana kwamba hazijuani.

mwanafunzi_sheria: Narudi hukumu ya kwanza kabisa, nazisoma zote tena. Ya mjomba nayo imo, safu mpya inasema: rufaa ya pili.