Meseji zilizofutwa zinarudi kweli? Na mnara wa simu unaonyesha nini?

Wakuu habari, mdogo wangu katapeliwa hela ya kiwanja, kwa hasira akafuta meseji zote za yule tapeli. Simu ni Android, kesi iko polisi. Zinaweza kurudi? Na mnara unaonyesha jamaa alikuwa nyumba gani?

Jibu: Pole sana mkuu. Mwambie aiweke simu flaiti modi na asiitumie tena kuanzia leo hii, maana meseji ikifutwa mara nyingi haiondoki papo hapo, nafasi yake inahesabiwa tu kuwa wazi, sasa kila picha na apdeti mpya inaweza kuikalia. Na asirisiti kabisa, yaani asiirudishe simu iwe kama mpya! Simu za siku hizi ukirisiti ufunguo wa data unafutika, hata maabara hawarudishi kitu.

Jibu: Nyumba hapana. Rekodi za kampuni ya simu zinaonyesha mnara na upande wake (mnara mara nyingi una pande tatu), mjini eneo dogo, kijijini kilomita kadhaa, na simu si lazima ishike mnara wa karibu. Mpelelezi ndo aziombe kwa kampuni, tena mapema. Hata tapeli akibadilisha laini kwenye simu ileile, IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe yenye tarakimu 15, kwa kawaida ni ileile.

Jibu: Msipeleke kwa fundi wa mtaani jamani, mahakamani watauliza simu ilipita mikononi mwa nani.

Asanteni sana, nampigia mama sasa hivi amnyang'anye hiyo simu.