Simu "imefunguliwa laini zote" halafu nje ya mji inasoma E. Wauzaji wa simu Dodoma, mnatuonaje?

Mbukwenyi wakuu,

Nina hasira na sitaki kuificha, kwa hiyo anayetafuta lugha ya kubembeleza apite uzi wa jirani.

Nilinunua simu ya mtumba hapa Dodoma mjini, laki nne na nusu. Ni zile zilizotengenezwa kwa oda ya kampuni moja ya simu ya Marekani: nembo ya kampuni imechapwa mgongoni, ukiwasha nembo hiyohiyo inajaa kioo kizima, na kawimbo kake juu. Kioo safi, betri inakaa, kamera ya maana. Nikamuuliza muuzaji swali ambalo kila mtu huuliza: haijafungwa kwenye laini ya kampuni moja? Akaapa. "Kaka, hii imefunguliwa, inakula laini zote." Akachomeka laini yangu, 4G ikatokea, akafungua video, ikacheza bila kukwama. Hela ikatoka.

Sasa nieleze kazi yangu ili muelewe kwa nini povu linanitoka. Mimi ni mpimaji wa ardhi. Leo niko Nala, kesho Mpunguzi, keshokutwa Bahi au Mvumi huko, kwenye viwanja na mashamba ya watu. Kile kifaa tunachosimamisha juu ya bikoni, yaani alama ya mpaka, kinapokea ishara za setilaiti, lakini kikiachwa peke yake kinakosea kwa mita kadhaa. Ili kishuke hadi sentimita lazima kipate masahihisho kutoka kwenye kituo cha kudumu, na masahihisho hayo yanakuja kwa intaneti. Intaneti ya porini inatoka wapi? Hotispoti ya simu ya mpimaji. Kwa hiyo simu kwangu si ya kupigia picha za harusi, ni kifaa cha kazi kama nyundo na vigingi.

Nimefika upande wa Kigwe, nimewasha hotispoti. Simu ikafikiri kidogo, ikaniletea maandishi ya Kiingereza (simu nimeiweka Kiswahili, lakini maneno ya kampuni hayabadiliki): huduma hii haimo kwenye mpango wako wa malipo, wasiliana nasi. Nasi nani? Ile kampuni ya Marekani! Bando nimenunua kwa shilingi zangu, laini imesajiliwa kwa alama zangu za vidole na namba ya NIDA, mnara uko Tanzania, halafu nikaombe ruhusa ya hotispoti ng'ambo. Pande mbili za mpaka zimesimama na ugomvi wao wa miaka, mwenyekiti wa kitongoji kaja na mhuri, na kioo cha kifaa kinaandika SINGLE, SINGLE, SINGLE, yaani hakipati masahihisho, hakigusi FIXED, ile ya sentimita. Mzee mmoja akatangaza kwamba mashine imegoma kwa kuwa imeona mpaka ni wa uongo. Wa upande wake wakashangilia. Nusura mambo yaharibike pale.

Kilichoniokoa ni kasimu ka msaidizi wangu, kapya, ka bei ya laki na nusu, kamera yake hata uso haionyeshi vizuri. Tukahamishia kwake laini yangu ileile: 4G, hotispoti, FIXED. Tukairudisha kwenye simu ya Mmarekani: E. Siyo 3G jamani, E, yaani 2G, ile ya enzi za kupakua milio ya simu. Mguu haujasogea hata hatua.

Hapo ndipo danadana zilipoanza. Nikarudi dukani. Muuzaji hakuinuka hata kitini. "Laini imesoma, haijasoma?" Imesoma. "Basi simu nzima, hayo mengine ni ya mtandao." Nikapiga huduma kwa wateja: "Ndugu mteja, tafadhali zima simu yako kisha uiwashe." Nikazima, nikawasha, nikasikiliza kawimbo. Baada ya kusukumana sana dada wa watu akaniambia eneo hilo lina 4G na tatizo ni kifaa changu. Nikaenda kwa fundi. "Mkuu, niachie niiflashi, inakuwa kama ya hapa." Akaichomeka kwenye kompyuta, simu ikakataa katakata kupokea programu isiyo ya kampuni yake. Fundi akapiga mluzi, akanirudishia simu, na hela ya kujaribu akachukua.

Kwa kuwa hakuna aliyetaka kunieleza, nimejisomea mwenyewe, na hiki ndicho wauzaji hawakisemi. "Imefunguliwa" inajibu swali moja tu: je, simu itaikubali laini ya kampuni nyingine? Basi. Haisemi kama redio iliyomo ndani inajua masafa ya minara yetu, wala haisemi kama ile programu ya kampuni imetoka. Kufuli limetoka, kampuni bado imo.

Anza na masafa. 4G ya hapa nchini ipo megahezi 1800, ambayo kitaalamu wanaiita bendi 3, ipo 800 ambayo ni bendi 20, na 700 ambayo ni bendi 28. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye mnada wa 2022 waliuza tena masafa ya 700, pamoja na 2300, 2600 na 3500. Masafa ya chini kama 700 na 800 yanakwenda mbali, kwa hiyo ndiyo yanayowafaa watu wa vijijini ambako mnara na mnara vimeachana kilomita nyingi. Masafa ya juu yanachoka mapema, hayo ni ya mjini. Simu yangu nimeangalia modeli yake: ina bendi 2, 4, 12, 13, 66, 71, yaani minara ya Wamarekani, na katika zetu ina bendi 3 peke yake. Halafu msidanganyike na tarakimu. Bendi 12 na 13 nazo ni za 700, lakini 700 ya Marekani imekatwa tofauti na 700 ya bendi 28. Namba moja, vipande tofauti, hazisikilizani. Kwenye 3G ndiyo balaa: inajua 850, 1900 na 2100, ile ya 900 inayofika mbali haimo.

Kwa hiyo pale dukani, katikati ya mji, minara imebanana na 1800 imejaa, simu yoyote itaonekana shujaa. Ukipita Nala, shujaa anabaki na E. Na hapa ndipo ninapoona huu ni utapeli, siyo kutojua. Wanaijaribu palepale ambapo haiwezi kushindwa.

Sasa programu. Hiyo ya hotispoti siyo hitilafu, imewekwa makusudi. Kule kwao hotispoti ni huduma inayoweza kulipiwa peke yake, kwa hiyo kabla ya kuiwasha simu inauliza seva ya kampuni: huyu ana ruhusa? Laini yangu haijulikani kule, jibu ni hapana. Kufungua kufuli la laini hakugusi ukaguzi huo. Kwenye mipangilio, sehemu ya kuchagua aina ya mtandao, ambako mtu angelazimisha simu ibaki 3G, imeondolewa kabisa. APN, yaani mipangilio ya kuingilia intaneti, nimeijaza kwa mkono baada ya kuomba maelezo kwa watu wa mtandao, ikakubali, intaneti ya kwenye simu yenyewe ikapita. Hotispoti ikabaki palepale.

Kupiga simu nako kuna kisa chake. Marekani walizima 3G mwaka 2022, AT&T wakaanza Februari, T-Mobile na Verizon wakafuata kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo simu za kampuni zile zimepangwa ziongee kupitia 4G, yaani VoLTE, lakini kwa mipangilio ya mtandao wa kwao. Ukiweka laini ya huku mipangilio hiyo haimo, VoLTE haiwaki, na kila nikipigiwa simu yangu inaporomoka hadi 2G. Kwenye 2G huwezi kuongea na kutumia intaneti kwa pamoja. Natuma faili la ramani ofisini, mtu kanipigia kunisalimia tu, faili limekufa njiani.

Na menyu za pesa, zile zinazoanza na *150*. Mara inafunguka, mara inazunguka halafu: "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI." Umesimama kwa muuza chipsi, watu nyuma yako, chipsi zishafungwa, unarudia namba kama unapiga ramli. Yeye anajua huna hela.

Takataka za kampuni zilizojazwa humo ndani hata sizihesabu. Duka la kampuni, akaunti ya kampuni, kisanduku cha ujumbe wa sauti kinachonikumbusha asubuhi na jioni kwamba hakijaunganishwa. Hazifutiki, unaweza kuzizima tu, na kuna moja inajiwasha yenyewe.

Najua kuna wajuaji watakuja na "ungeangalia bendi kabla ya kununua". Hivi kweli? Mtu akienda kununua gunia la mahindi Kibaigwa lazima awe bwana shamba ndipo asiuziwe yaliyooza? Muuzaji ndiye anayeingiza mzigo, ndiye anayejua umetoka nchi gani, ndiye anayejua kwa nini simu hiyo ni rahisi kuliko pacha wake wa soko la kimataifa. Nimeuliza swali la kununua, nimejibiwa nusu, nimelipishwa nzima. Halafu ukutani kuna karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, karatasi ya ukutani haiifuti. Risiti ya EFD ninayo, na ujumbe wa sauti ambao muuzaji anasema "inakula laini zote Tanzania nzima" ninao pia. Tanzania nzima, kasema kwa mdomo wake. Nampelekea Tume ya Ushindani vyote viwili.

Na mamlaka nao niwaguse. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa usiku mmoja? Ilikuwa sawa kabisa. Tukafundishwa kubonyeza *#06#, kuchukua IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na kuituma 15090. Hii yangu nilituma, ikarudi halali, jina la simu na kila kitu. Ni halali kweli, siyo feki. Lakini mfumo unaoweza kuniambia jina la simu ungeshindwa nini kuongeza mstari mmoja kwamba modeli hii haina bendi 20 wala 28? Modeli ikishajulikana, bendi zake zinajulikana. Na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unapeleka minara vijijini kwa hela ngumu, halafu tunaruhusu maduka yajaze mikononi mwa wanakijiji simu zisizoiona minara hiyo. Mtu wa Mpwapwa ndani huko atadhani mnara ndio mbovu.

Wenzetu walianza kubana tangu kwenye kufuli lenyewe. Kanada tangu Desemba 2017 simu mpya lazima iuzwe ikiwa imefunguliwa, Uingereza wakapiga marufuku kuuza zilizofungwa Desemba 2021. Sisi bado tunajadiliana na mtu mwenye kaunta ya kioo.

Ninachotaka ni kidogo mno. Karatasi ndogo kwenye kila simu ya mtumba iandikwe modeli kamili, ile yenye herufi za mwisho, maana herufi moja mwishoni ndiyo inayotofautisha ya Marekani, ya Korea na ya soko letu. Na mteja aachiwe awashe hotispoti, apigiwe huku intaneti ikiwa hewani, afungue menyu ya pesa, ndipo alipe. Muuzaji anayekataa hayo anajua anachoficha.

NYONGEZA: Wanaoniuliza jina la duka kwa ujumbe binafsi (PM), siliweki mpaka malalamiko yapokelewe rasmi. Msinisumbue.

NYONGEZA 2: Mdau aliyesema ninunue modemu ndogo ya mfukoni niachane na hotispoti ya simu, asante, ni wazo zuri na nitafanya hivyo. Lakini ona, nimelipa laki nne na nusu na sasa naongeza hela ya kifaa kingine ili kifanye kilichokuwa kazi ya cha kwanza. Mdau mwingine aliyenishauri nitumie amri za kompyuta kuzima ukaguzi wa hotispoti: nimejaribu kwenye laptopu ya ofisi, amri imepita, simu ikawaka upya na kawimbo kake, hotispoti bado inaniuliza nimejiunga na mpango gani.

Mwenye simu ya kampuni za Marekani, Korea au Japani inayoshika 4G Bahi, Kondoa au Mpwapwa vijijini, na hotispoti inawaka, aweke modeli kamili hapa chini pamoja na mtandao anaotumia. Picha ya kioo ikiwepo, bora zaidi. Za "yangu inapiga kazi vizuri tu" kutoka Area D, tafadhali kaeni nazo.