UART 16550A inapoteza baiti nikibadili kiwango cha FIFO, na rejista inarudisha tofauti na nilichoandika

waya_mwekundu
Wakuu habari zenu, naombeni macho yenu maana hii ni siku ya nne nimekwama. Naandika draiva ya seriali kwa UART (chipu ya kutuma na kupokea data ya seriali) ya aina ya 16550A, hakuna OS, ni C tupu, saa ya UART ni 1.8432 MHz, spidi 115200, 8N1 (biti 8 za data, bila pariti, stop biti 1). Kupokea peke yake kuko safi, kutuma peke yake safi, ila vikienda pamoja baiti zinazoingia zinapotea, tena sio moja moja, zinaondoka tatu mpaka sita kwa mkupuo, na mara nyingine kutuma kunasimama kabisa wakati bafa yangu bado ina data na LSR (rejista ya hali ya laini) inaonyesha 0x60 yani chipu haina cha kutuma.

Nilichoongeza juzi ni kubadili kiwango cha FIFO (foleni ya baiti ndani ya chipu, kiwango ni baiti ngapi ziingie ndo itoe interapti) kazi ikiwa inaendelea, amri fupi nataka interapti kila baiti 1, data ndefu nataka kila baiti 8:

```
void kiwango(uint8_t k)    /* k ni 0x00 au 0x80 */
{
    zima_interapti(); /* za prosesa */
    uint8_t r = soma(2);
    r &= 0x3F;
    r |= k | 0x01;
    andika(2, r);
    washa_interapti();
}
```

Kinachonichanganya zaidi, nikiandika 0x81 halafu nikasoma hapohapo napata 0xC1, kama vile chipu imekataa 8 ikajiwekea 14. Volatile ipo, rejista zinaruka anwani 4 na nimezidisha sawasawa, nyaya nimebadilisha. Nimefungua na dirisha la memori kwenye dibaga kuanzia anwani ya kwanza ya UART ili nione rejista zinavyobadilika, na hapo ndo inapoteza kuliko kawaida. OE (alama ya FIFO kufurika) kwenye LSR sijawahi kuiona hata mara moja kwenye logi. Je chipu ni mbovu?

kodi_tupu
Mkuu jaribu kuweka dilei baada ya andika(2, r), kama milisekunde 2 hivi, rejista zingine zinahitaji muda kutulia. Mimi iliwahi kunisaidia.

offset_mbili
@kodi_tupu hapana ndugu yangu, hapo utamuumiza. Kwa 115200 baiti moja na biti zake 10 inaingia kwa maikrosekunde 87 hivi, FIFO yote ya baiti 16 inajaa kwa milisekunde 1.4, sasa ukikaa milisekunde 2 interapti zimezimwa unapoteza baiti zingine juu ya zile anazopoteza saivi.

@waya_mwekundu chipu yako nzima kabisa. Offset 2 (ile 2 ya soma(2) na andika(2, r), yani namba ya rejista) ni rejista mbili tofauti zinazokaa nyumba moja, ukiandika unaandika FCR (ya kudhibiti FIFO), ukisoma unasoma IIR (inayotaja interapti inayosubiri), na FCR kwenye 16550A haisomeki kwa hiyo anwani hata ufanyeje. Ile 0xC1 sio jibu la 0x81 yako, ni IIR inakwambia FIFO imewashwa (biti 7 na 6) na hakuna interapti inayosubiri (biti 0). Ni bahati mbaya tu kwamba kwenye FCR biti hizohizo mbili zikiwa 1 maana yake ni kiwango cha 14, ndo maana umeona kama inakujibu.

Sasa fuata hesabu ya kodi yako mwenyewe. Chipu ikiwa imetulia unasoma 0xC1, unafuta juu inabaki 0x01, unaandika 0x81, kila kitu sawa, ndo maana majaribio mepesi yanapita. Lakini THR (rejista ya baiti za kutuma) ikiwa imeisha na interapti yake inasubiri unasoma 0xC2, unaandika 0x83, na biti 1 ya FCR ni amri ya kufuta FIFO ya kupokea. Baiti zako tano zilizokuwa zinasubiri zifike nane zimefutwa, na umezifuta wewe. Ukikuta data ya kupokea inasubiri unasoma 0xC4, unaandika 0x85, biti 2 inafuta FIFO ya kutuma. Taimauti (baiti zimekaa kwenye FIFO bila kufikia kiwango) ni 0xCC, unaandika 0x8D, unafuta ya kutuma na juu yake umegusa modi ya DMA. Na OE huioni kwa sababu hakuna kilichofurika, FIFO imesafishwa kwa amri halali.

Halafu pale unapozima interapti za prosesa, ambapo najua ulikuwa unajikinga, ndo unaipa IIR nafasi ya kukaa na kitu kinachosubiri, maana handla (funksheni inayohudumia interapti) haiwezi kuingia kukishughulikia kabla hujasoma.

Dawa: weka nakala ya FCR kwenye memori, badilisha hiyo nakala kisha uiandike, offset 2 usiisome nje ya handla. Biti 1 na 2 usizihifadhi kwenye nakala, ziandike siku unayotaka kufuta kweli.

Na lile dirisha la dibaga lifunge kabisa. Kila ukisimamisha programu dibaga inasoma anwani zote hizo, offset 0 inakuchukulia baiti kutoka FIFO, offset 5 inafuta alama za makosa, offset 6 inafuta mabadiliko ya modemu. Ukitaka kuchungulia fungua offset 3, 4 na 7 tu, hizo kusoma hakuziharibu.

Kutuma kusimama nadhani ni jambo lingine, tuwekee handla tuione.

waya_mwekundu
Aise. Datashiti nimeisoma mara kibao na jedwali lina safu mbili za offset 2, moja ya kusoma moja ya kuandika, macho yalikuwa yanapita tu. Nimeweka nakala, nimetuma na kupokea kwa pamoja saa nzima, hakuna baiti iliyopotea. Asante sana mkuu.

Kutuma bado kunasimama lakini, handla ni hii:

```
while (!(soma(2) & 0x01)) {
    switch (soma(2) & 0x0F) {
    case 0x02: jaza_thr();   break;
    case 0x04:
    case 0x0C: toa_fifo();   break;
    case 0x06: soma(5);      break;
    case 0x00: soma(6);      break;
    }
}
```

biti_ya_saba
Nidakie hapo. Unasoma IIR mara mbili. Interapti ya THR kuwa tupu inafutwa na kule kuisoma tu IIR (au kuandika THR), kwa hiyo ile soma(2) ya kwenye while inaona 0xC2, inaifuta, halafu ya kwenye switch inapata 0xC1, haiingii popote, unatoka, na chipu haikumbushi tena kwa sababu kwa upande wake imeshakwambia. Zingine haziathiriki maana zinafutwa kwa kusoma data yenyewe au LSR au MSR (hali ya modemu), ndo maana kupokea kwako kulikuwa kunaendelea.

```
uint8_t i;
while (!((i = soma(2)) & 0x01)) {
    switch (i & 0x0F) {
```

Ukitaka uhakika kabla hujabadilisha, subiri kutuma kusimame halafu zima biti 1 ya IER (rejista ya kuruhusu interapti) na uiwashe tena, THR ikiwa tupu 16550A inatoa interapti upya na utaona data inaanza kutoka.

waya_mwekundu
Nimefanya hilo jaribio la IER kwanza, kweli ikafufuka palepale. Nikabadilisha while, mpaka saivi haijasimama.

Kimebaki kimoja na sijui kama ni ndugu wa haya. Nikishuka kwenda 9600 data ikiwa inaendelea kuingia, mara mojamoja napokea baiti ya 0x0C ambayo upande wa pili haujaituma, nimehakikisha kwa analaiza.

biti_ya_saba
0x0C ni 12, na 1.8432 MHz ukigawa kwa 16 ukagawa kwa 9600 unapata 12. Hiyo ni divisa yako (kigawanyo cha saa kinachoweka spidi) umeisoma mwenyewe. Ukiweka biti ya DLAB kwenye LCR (rejista ya mipangilio ya laini), offset 0 inakuwa DLL (baiti ya chini ya divisa), interapti ikiingia katikati handla inadhani inasoma data. Na shukuru imesoma tu, ingekuwa zamu ya jaza_thr ingeandika herufi ya A, yani 65, ndani ya DLL na ungejikuta kwenye spidi ya 1772 hivi bila kujua ilikotoka. Subiri TEMT (biti 6 ya LSR, yani chipu imemaliza kutuma kabisa, sio biti 5), zima interapti za prosesa, weka DLAB, andika divisa, toa DLAB, washa. Kama unataka kuzimia kwenye IER basi iguse kabla ya DLAB, maana DLAB ikishawekwa offset 1 nayo inakuwa DLM, baiti ya juu ya divisa.

waya_mwekundu
Ilikuwa hiyohiyo, set_spidi yangu haikuwa inazima kitu chochote. Nimebadili spidi mara 5000 kwa lupu data ikiwa inaingia, 0x0C haijatokea tena.