Kuomba kibali cha mbwa watano hapa Kigoma kumenigeuza mtuhumiwa

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nakaa Kigoma mjini, kwangu, sijapanga. Nina mbwa watano: Subira, niliyeachiwa na marehemu baba, na wanawe wanne. Niliwatafutia wa kuwachukua nikakosa, maana kila mtu anataka dume na hawa wote ni majike. Wezi wa kuku wamenikoma. Sasa nikajifanya raia mwema: watano ni wengi, ngoja nikaombe kibali ofisi ya mtaa kabla mtu hajanisemea. Hapo ndipo nilipoula wa chuya.

Mtendaji akanirudisha kwa balozi nichukue barua ya utangulizi. Balozi yuko msibani Kasulu, wiki nzima. Barua ikapatikana, nikaambiwa nilete saini za majirani. Hapa niseme ukweli, niliyemwogopa ni mzee wa upande wa kulia, mtu wa msikitini. Nilijua atakataa kwa sababu ya najisi. Akanimiminia kahawa, akasema: "Mwanangu, mbwa wa ulinzi sina ugomvi naye, ila asije akalamba vyombo vyangu. Ziba ule upenyo wa uzio." Kesho yake nikaziba kwa bati, akasaini. Mwenye sababu ya kukataa tumemalizana kwa kikombe cha kahawa, mwenye muhuri ananizungusha mwezi wa pili huu!

Fomu yenyewe kichekesho. Ni ya mifugo: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Mbwa hamna. Mtendaji akakata "nguruwe" kwa kalamu, juu yake akaandika "mbwa". Chini kuna swali la lita za maziwa kwa siku. Nikajaza sifuri.

Kisha ikaja "hela ya kikao", elfu tano kwa kila mbwa. Nikaomba namba ya malipo na risiti. Akafunga faili. "Basi subiri kikao."

Kadi za chanjo nilimpelekea zote tano, kila mwaka nachanja. Hakuzifungua hata moja! Jamani, kichaa cha mbwa si mafua. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Na nje ya ofisi hiyohiyo, chini ya mwembe, wanalala koko watatu ambao hakuna anayejua kama wamewahi kuona sindano. Watoto wa shule wanapita hapo kila asubuhi. Koko hawana mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kudaiwa barua.

Nimeisoma Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Inanidai niwape chakula, maji, malazi na matibabu. Wanakula ugali wa dona na vichwa vya migebuka kuliko baadhi yetu humu, tusidanganyane. Nikamwuliza mtendaji kwa heshima, mkuu, nionyeshe kanuni inayosema watano wamezidi, nami nitapunguza. Akanijibu nisimfundishe kazi.

Kama kuna mtu wa Kigoma au hata Tabora aliyewahi kukishika kibali hiki mkononi, aweke hapa picha nijue kinafananaje. Na anijibu mapema, kwa sababu Jumatatu natakiwa nipeleke picha ya kila mbwa, pasipoti saizi. Mpiga picha wa stendi ameniuliza Subira ataweza kukaa kwenye kiti mbele ya kile kitambaa cha bluu.