Nia ya kuishi kiafya, wanafunzi wa Dodoma na Leipzig: kipimo cha t kinatosha?

Mdodosaji
Wakuu, habari za kazi. Nina dodoso la nia ya kuishi kiafya kwa wanafunzi wa chuo, nimelijenga juu ya nadharia ya mwanasaikolojia Ajzen ya 1991, inayoeleza nia ya mtu inatoka wapi: mtazamo, msukumo wa watu wa karibu, kujiona unaweza, na nia yenyewe. Kila kipengele kina maswali matatu, skeli ya 1 hadi 7. Dodoma wamejaza kwa Kiswahili, Leipzig kwa Kijerumani, zaidi ya majibu 200 kila upande. Alpha ya Cronbach imevuka 0.8 pande zote. Wastani wa nia Dodoma uko juu sana. Nipige kipimo cha t, kile cha kulinganisha wastani wa makundi mawili, niandike kwamba Watanzania wana nia kubwa zaidi, au kuna kitu naruka?

takwimu_tu
Unaruka kitu, tena kikubwa. Alpha inakuambia kwamba maswali yanakwenda pamoja ndani ya kundi moja. Haikuambii kwamba 6 ya Dodoma ndiyo 6 ya Leipzig. Kuna mahali watu huitikia kila kauli kwa adabu tu, na kuna mahali hukwepa ncha za skeli. Wastani unabeba vyote hivyo.

Anza na CFA ya makundi mawili, yaani uchambuzi wa kuthibitisha kama maswali yanapima vipengele vilevile kila upande. Kwenye programu ya takwimu ya R, kwa kifurushi cha lavaan, endesha modeli tatu zikifuatana. Ya kwanza ni umbo tu: maswali yaleyale chini ya vipengele vilevile. Ya pili unafunga mizigo, yaani nguvu ya kila swali kushikamana na kipengele chake, iwe sawa kwa makundi yote, group.equal = "loadings". Ya tatu unaongeza "intercepts", yaani intasepti, alama ya kuanzia ya kila swali. Kila hatua tazama CFI, kipimo cha jinsi modeli inavyokaa kwenye data: ikishuka zaidi ya 0.01, umekwama hapo. Khi-mraba, kipimo kingine cha modeli kukaa kwenye data, usiitegemee peke yake, maana sampuli ikiwa kubwa hukataa hata tofauti ya kipuuzi.

Ukivuka ya pili tu, una ruhusa ya kulinganisha uhusiano, mfano mtazamo unavuta nia kwa kiasi gani kila upande. Wastani hauguswi mpaka ya tatu ipite. Kwa nukta 7 tumia MLR, njia ya makadirio inayochukua majibu kama namba endelevu. Zingekuwa nukta nne ningekwambia WLSMV, ya majibu ya ngazi chache.

Afya_ya_Jamii
Naunga mkono, ila hesabu itakuonyesha panapovuja, haitakuambia kwa nini. Tuwekee maswali ya nia.

Mdodosaji
1) Ninakusudia kuishi kiafya. 2) Nitajitahidi kufanya mazoezi mara kwa mara. 3) Sina mpango wa kula vyakula visivyofaa.

Afya_ya_Jamii
Sasa tunaelewana. La kwanza nani atalikataa? Watu watajazana kwenye 7 na hutapata tofauti yoyote ya kuchambua. Ajzen anataka tabia itajwe kwa mambo manne: kitendo, kinacholengwa, mazingira na muda. "Kuishi kiafya" ni fungu la tabia, na anayelala vizuri huenda anavuta sigara. Chukua moja moja: "Katika wiki mbili zijazo, ninakusudia kula matunda au mboga vipimo vitano kila siku." Kisha eleza kipimo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema gramu 400 kwa siku na hakuna anayepima mchicha kwa mizani. Kipimo kimoja ni gramu 80, yaani chungwa moja au vijiko vinne vikubwa, vilivyojaa, vya mchicha uliopikwa.

La pili: "mazoezi" wengi wanaelewa jimu au mpira. Anayetembea kwa miguu kutoka hosteli hadi darasani kila siku hajihesabu, wala wa Leipzig anayekwenda chuo kwa baiskeli. Andika dakika 150 kwa wiki, kutembea haraka na baiskeli vikiwemo.

La tatu ni kanusho. Mtu akijibu "sikubali" juu ya "sina mpango", tayari kichwa kinamzunguka. Maswali ya hivi hujitenga na wenzake kwenye CFA.

Halafu kagua kipengele cha kujiona unaweza. Ukiuliza "hata bumu likichelewa", Leipzig hawana bumu, pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo. "Hata nikiwa na pesa kidogo wiki hiyo" linafanya kazi kote. Pombe nayo: asiyekunywa kwa sababu ya dini ataweka 7 kwenye "sitakunywa", na hiyo si nia ya kubadilika. Uliza kwanza kama anakunywa. Na "wiki mbili zijazo" zisiangukie Ramadhani au UE (mitihani ya mwisho wa muhula).

Mdodosaji
Asanteni sana wakuu. Shida ni kwamba data tayari ninazo na kurudi fildi haiwezekani.

takwimu_tu
Usizitupe. Modeli ya tatu ikianguka, endesha lavTestScore ikuonyeshe ni usawa upi kati ya uliofunga ndio unaobana. Nabashiri ni swali la 3. Liachie intasepti yake iwe huru kwa kila kundi, uache mawili yaliyobaki yakiwa yamefungwa. Yakishikilia, una ulinganifu wa sehemu, na wastani wa kipengele unalinganishwa ndani ya modeli hiyohiyo, si kwa kujumlisha alama na kupiga kipimo cha t. La 1 nalo likigoma, limebaki swali moja tu na hapo wastani wa nia uuache kabisa. Ripoti uhusiano peke yake kama mizigo imeshika, na jedwali la CFI la modeli zote tatu liwe ndani ya matokeo, lisifichwe kwenye kiambatisho.